Bastola ya Kwanza kwa Mtu wa Mfuko Mwembamba

Bastola ya mtindo wa zamani ni ya chuma kitupu, yenye nyundo inayoonekana nyuma na magazini inayoingia kwenye mpini. Ni ya nusu-otomatiki: ikifyatuliwa, ganda hutoka lenyewe na risasi ya pili hujipanga, ila kidole sharti kivute upya kila mara.

Wazee wa ukoo huu ni watatu. Colt M1911 ilibuniwa na Mmarekani John Browning, ikaingia jeshi la Marekani mwaka 1911. Magazini yake ya asili hubeba risasi 7 nene. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ilianzwa na Browning huyohuyo, ikamalizwa na Mbelgiji Dieudonné Saive baada ya mwenzake kufariki. Nayo hubeba 13. Ya tatu ni CZ 75, iliyotoka Chekoslovakia mwaka 1975. Nchini Kenya, silaha za huko zimezoeleka hata jina Ceska likawa la bastola kwa jumla, kama vile sabuni yoyote ya unga dukani inavyoitwa Omo.

Kwa mkazi wa Machakos asiye na fedha nyingi, habari njema ni kwamba viwanda vya Uturuki na Ufilipino huiga miundo hii na kuiuza kwa bei nafuu. Habari mbaya ni kwamba ustadi wa kuchagua mitumba sokoni haufui dafu hapa. Shati hugeuzwa ndani nje, likavutwa mishono, likapunguziwa bei mara tatu. Bastola huuzwa na muuzaji mwenye leseni tu, na machozi ya mteja hayamgusi. Iliyotumika huangaliwa ndani ya mtutu kama kuna kutu, springi za magazini kama zimechoka, na nyundo kama inashika sawasawa. Inayouzwa kichochoroni jioni kwa bei ya kutupa si bastola bali ni kifungo cha jela kilichopunguzwa bei. Hata ya mti, ambayo mchonga vinyago wa Wamunyu angeweza kuichonga ikafanana na ya kweli, haisaidii. Anayemtishia mtu kwa silaha bandia hushtakiwa kwa uhalifu wa kweli.

Kabla ya chuma huja karatasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu raia kumiliki bunduki bila cheti, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji hueleza sababu ya kutosha. Mfanyabiashara wa mchanga anayesafiri na fedha za wiki nzima ana la kusema. Anayetaka kumnyamazisha jirani mwenye jogoo hana. Tena sheria haimtaki mlevi wala mtu asiye na akili timamu. Hapo ndipo wanaume wengi hugundua kwamba sifa walizojipatia miaka kumi kwenye vibuyu vya pombe ya uki zilikuwa zikisikilizwa. Cheti kikipatikana, hakikai milele: huhuishwa kwa ada, na mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliagiza wenye silaha wote wahakikiwe upya.

Basi bei ya bastola ni kama bei ya ng'ombe: kununua ni siku moja, majani ni kila siku. Kuna risasi, mafunzo ya kulenga shabaha, mkoba wa kiunoni na mshipi. Mshipi ndio hudharauliwa zaidi. CZ 75 ikiwa tupu hufikia kilo moja hivi, yaani pakiti ya sukari iliyoning'inia upande mmoja wa suruali. Mshipi wa bei rahisi hushindwa siku ya kwanza, na mwenye bastola huonekana akitembea mjini mkono mmoja kiunoni, si kwa tahadhari bali kuiokoa suruali.

Mikasa mingine hutokana na kuficha. Mwenye bastola akinyoosha mkono dukani kuchukua unga rafu ya juu, koti hupanda, na foleni ya malipo hufunguka mbele yake kama Bahari ya Shamu. Kwenye matatu ya Nairobi, abiria wa pembeni huuliza ni nini kinachomdunga mbavuni. Akijibiwa kwamba ni simu, simu yenyewe huanza kulia mfuko wa pili. Hatari kubwa kuliko zote ni choo cha shimo. Mkoba usiobana huachilia mzigo mtu anapochuchumaa, na silaha iliyopotea sharti iripotiwe kituoni, kwa maelezo kamili ya ilipo. Kwa hiyo mkoba mzuri hubana na hufunika kifyatulio, na mwenye busara huamua jambo la bastola kabla hajalegeza mshipi.

Gharama ya mwisho ni sanduku la chuma. Bastola haihifadhiwi chini ya godoro wala ndani ya debe la maharagwe, mahali ambapo watoto hufika kabla ya baba. Sanduku hukazwa ukutani kwa nati. Huletwa kwa pikapu, hushushwa na vijana wanne, na fundi hutoboa ukuta tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kufikia jioni kijiji kizima kinajua kwamba nyumba ile ina sanduku la chuma, na hakuna anayedhani lina bastola. Wote wanadhani lina pesa. Ndipo mwenye nyumba, aliyeanza safari hii kwa kuogopa wezi, hulazimika kununua mbwa.