Mume wa Bibi Anakula Mwenyewe

Jumapili
Mtoto ametimiza miezi 6. Anakaa bila kuegemezwa, na kila tukila anatukodolea macho kama mdai. Tumeamua kutomlisha, tutamwekea chakula mbele yake ajilishe. Mama mkwe, aliyefika jana toka Tanga na mfuko wa unga wa lishe, ameuliza mume wake (ndivyo anavyomwita mjukuu) amekosa nini.

Jumatatu
Kiazi kitamu, kimechemshwa hadi kinabonyea, kikakatwa urefu wa kidole cha mtu mzima. Urefu una sababu: mtoto wa umri huu hushika kwa kiganja kizima, kwa hiyo kinacholiwa ni kile kinachochomoza nje ya ngumi. Kipande cha kwanza alikikamua. Cha pili alikitia sikioni. Cha tatu kimechukuliwa na kuku wa jirani, ambaye sijui nani alimpa taarifa.

Jumanne
Parachichi. Likikauka kwenye khanga hugeuka kahawia, nalo halitoki. Khanga ilikuwa ya mama mkwe.

Jumatano
Ndizi mbivu, imeachiwa ganda chini apate pa kushika. Ameanza na ganda. Alipofika kwenye ndizi aling'ata pande kubwa, akatoa ulimi, akawa mwekundu, akakohoa kwa kishindo. Mama mkwe alishaanza dua. Nilimweleza alichotueleza muuguzi: kwa watoto wachanga, sehemu ya ulimi inayoamsha kichefuchefu iko mbele zaidi kuliko yetu, hivyo anayekohoa kwa kelele anakitoa chakula mwenyewe, wa kukimbiliwa ni yule aliyenyamaza ghafla. Wakati naeleza, mtoto alitema pande lile, akalitazama, akalirudisha kinywani. Mama mkwe ameomba maji akaenda kujilaza.

Alhamisi
Baba wa mtoto amemsomea mama yake habari za Gill Rapley, muuguzi wa Uingereza aliyetoa kitabu kuhusu njia hii mwaka 2008.
"Nepi anafua nani huko?" akauliza mama yake.
Kitabu kimefungwa.

Jirani (mwenye kuku) ameleta asali ya Tabora kwa ajili ya mtoto. Nimeshukuru, nikaiweka juu ya kabati: mtoto haruhusiwi asali mpaka atimize mwaka 1, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Usiku nimesikia kabati likifunguliwa. Baba yake naye anajilisha.

Ijumaa
Maini. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua kufikia umri huu, na maziwa ya mama peke yake hayaijazi, kwa hiyo maini si anasa. Alifyonza kipande muda mrefu, kikawa kijivu. Kisha akakinyoosha, akakitia kinywani mwa bibi yake. Mama mkwe alitutazama mmoja mmoja. Akatafuna, akameza.
"Mke hakatai tonge la mumewe," akasema.
Chakula chote kilichomezwa leo ndicho hicho.

Jumamosi
Alfajiri nimewakuta uani, mama mkwe, mtoto na bakuli la uji wa lishe. Mtoto alimpokonya kijiko, akakitia kinywani mwenyewe, upande usio na uji.
"Kajilisha," mama mkwe akasema kabla sijaamkia. "Si ndivyo mnavyotaka?"
Nimesema shikamoo. Sikuwa na la kuongeza. Uji ulikuwa mzito, haudondoki, na kuku aliondoka mikono mitupu.

Jumatatu
Kliniki. Maharage ya jana yalikuwa laini na yamepondwa kidogo. Tulikubaliana nyumbani kwamba amekula mengi. Muuguzi alimning'iniza kwenye mizani, akaandika kilo 7.9 kwenye kadi, akasifu. Alipomshusha akafunua mkunjo wa shingo, akatoa harage zima, akatutazama. Kilo 7.9 hakuifuta.