Jackson Akataliwa Kavumu

Samaki walikuwa wameshaliwa, na hapo ndipo aibu ilipokolea. Mtu ambaye hajala anaweza kuinuka akaaga. Aliyemaliza bonge la bugali wa muhogo, bakuli la sombe na sahani nzima ya sambaza wa kukaanga hana pa kukimbilia. Msafiri kutoka Dar es Salaam aliketi kwenye benchi la kibanda cha chakula kando ya barabara ya Kavumu, mashariki mwa Kongo, begi mapajani, huku noti yake ya dola 20 ikipita mkono kwa mkono, kama mgonjwa aliyezungukwa na waganga wasioelewana.

“Papa, hii haipite,” mama mwenye kibanda alisema. “Ona apa. Iko na kashimo.”

Kilikuwa kipasuko cha ukingoni, milimita mbili hivi. Msafiri alieleza kwa upole kwamba ishirini ni ishirini. Mama akamtazama kwa huruma.

“Ni ishirini kwenu. Hapa hata ku banki batakatala.”

Wateja waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja aliomba noti ile mara ya pili, akaikagua tena, akairudisha akiguna. Mtoto naye akaomba. Akapewa.

Ukaguzi wenyewe, ukiondoa kwamba aliyekuwa akikaguliwa ni yeye, ulimvutia mno msafiri. Kwanza husomwa mwaka, kwa kuwa dola za zamani zenye kichwa kidogo, za kabla ya mabadiliko ya 1996, hazitakiwi. Kisha noti huinuliwa kwenye jua ili ionekane sura ya pili iliyojificha ndani ya karatasi, pamoja na uzi wa usalama. Kucha hupitishwa kwenye kola ya Andrew Jackson, maana wino wa dola halali huacha mikwaruzo inayosikika kidoleni. Tarakimu 20 ya pembeni huinamishwa ionekane ikigeuka kutoka rangi ya shaba kuwa kijani. Baada ya hapo dole gumba hutembea kwenye kingo zote nne bila haraka. Mwisho huja kitovu: noti iliyokunjwa mara nne hutoboka katikati, mahali mikunjo inapokutana, na tundu hilo halionekani mpaka uinue noti usawa wa jicho. Doa la kalamu, muhuri au chumvi ya jasho ni kesi nyingine. Mama alimaliza yote hayo kwa muda ambao msafiri angetumia kutafuta miwani, na mkono wake mwingine ulikuwa ukigeuza samaki.

Na noti hiyo si karatasi legelege. Dola hutengenezwa kwa pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, na sheria ya Marekani inasema noti iliyoharibika hulipwa kwa thamani yake yote ikiwa zaidi ya nusu yake ipo na inatambulika. Ya msafiri ilikuwepo yote, ukiacha hizo milimita mbili. Tatizo ni kwamba dirisha la kuipelekea liko Washington.

Jackson mwenyewe pengine angemuunga mkono mama. Rais huyo hakuziamini noti za karatasi, na mwaka 1832 alitumia kura ya turufu kuizuia Benki ya Pili ya Marekani isiongezewe muda. Baadaye wakaja kumweka kwenye noti.

Ikabidi dereva wa teksi aliyemleta alipe. Alichomoa mfukoni bunda la faranga za Kongo zilizolainika kama kitambaa, nyingine zimeunganishwa kwa gundi ya karatasi, wachimba almasi wa noti ya 500 wakiwa wamefifia mpaka migongo. Mama alizipokea bila kuzitazama. Hakuna jua, hakuna kucha, hakuna kitovu. Msafiri aliomba ufafanuzi. Akajibiwa kwamba zile ni faranga.

Kuna sababu, na sababu hiyo ina umri mkubwa kuliko dereva. Mwaka 1967 Rais Mobutu alianzisha sarafu ya zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili. Krismasi ya 1979 serikali ilifuta ghafla noti za zaire 5 na 10, ikawapa watu siku chache za kuzibadilisha; aliyekuwa kijijini mbali na benki alibaki na karatasi za kuwashia moto. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikarudi faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ya 1998 ni zaire bilioni 300 za Mobutu. Ndiyo maana karibu asilimia 90 ya amana katika benki za nchi hiyo ni fedha za kigeni. Faranga ni ya leo, ya nyanya na nauli. Dola ndiyo akiba, ndiyo mahari, ndiyo kodi ya nyumba, na akiba lazima iwe bikira.

Hasira ya msafiri ilianza kwa kambisti, kijana wa kubadilisha fedha aliyekaa barabarani na matofali yake ya faranga yaliyofungwa kwa mpira. Alikubali kuipokea noti ile kama dola 14. Sita zimepotelea ukingoni! Msafiri aliweza kukataa kwa majivuno, kwa kuwa begini alikuwa na nyingine. Muuza samaki aliyepewa noti hiyo gizani, akagundua asubuhi, hana nyingine. Hasara haimfikii aliyeichana. Inamwangukia wa mwisho kuishika, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye kidogo kuliko wote.

Sambaza, kwa taarifa yako, nao ni wageni. Waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hakuna aliyewapapasa kingo.

Bukavu, kilomita 30 hivi mbele, mambo yalikwenda mbio. Alipiga picha jumba la Wabelgiji lenye kona za mviringo, akaamriwa aifute. Aliteleza kwenye mteremko wa Kadutu mbele ya shule nzima.

Kisha akaenda kutafuta sanaa. Walega wa Mwenga na Shabunda, katika mkoa uleule ilipo Bukavu, walichonga vinyago vidogo vya mbao na vya pembe za ndovu ambavyo mara nyingi havikuvaliwa usoni. Vilishikwa mkononi, vikapakwa mafuta, vikarithishwa, vikiwa alama ya daraja la mtu katika chama cha Bwami, ambacho Wabelgiji walikipiga marufuku mwaka 1948. Kadiri kinyago kilivyoshikwashikwa na vizazi, ndivyo kilivyozidi kung’aa na kuheshimiwa. Muuzaji mmoja wa vinyago alilijua somo hilo vizuri: chake cha “miaka mia” kilimwachia msafiri rangi ya viatu kwenye vidole. Bei ilikuwa dola 50. Ziwe mpya, alisisitiza, zisiwe na mkunjo.

Hayo yalitokea kabla ya Februari 2025. Tarehe 14 ya mwezi huo waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye wakawa Bukavu. Benki zikafunga milango, kama zilivyokuwa zimefunga katika mji wa Goma mwezi uliotangulia. Dirisha la Washington lilikuwa mbali siku zote. Sasa hata la mtaani likafungwa, na wauza sambaza bado wanatakiwa kurudisha chenji.