Pikipiki mbili za bluu

Jumatatu, 6 Oktoba
Taa ya mbele imezimika nikirudi kutoka chanjo, karibu na pale ambapo reli ya Kolwezi inaachana na ile ya Kamina. Malori ya shaba yalikuwa yanapita na vumbi lilikuwa limefunga macho. Nilishuka, nikasukuma Yamaha DT 125 ya kituo hadi nyumbani, sanduku la chanjo likiwa nyuma. Mke wangu aliuliza jambo moja: barafu bado iko? Ilikuwa bado iko.

Jumanne, 7 Oktoba
Katika stoo ya misheni kuna DT 125 nyingine, ya bluu kama yetu, imelala miaka mingi. Paroko ametuachia tuchukue tunachohitaji. Nilitoa ampuli yake nikaiweka kwenye yetu. Iliwaka nyeupe, kali, ikakatika uzi papo hapo. Fundi aliigeuza juani, akanionyesha maandishi kwenye kitako: 6V. Yetu ni ya volti 12.

“Papa dokta,” alisema, “hizi pikipiki haziko ndugu. Ziko nkambo na mujukuu.”

Alhamisi, 9 Oktoba
Injini imekamata njiani. Gurudumu la nyuma liliburuta, nikakaa kando ya barabara na chanjo za watoto juani, hadi kijana mmoja wa teksi akanibeba mimi na sanduku. Pikipiki ilirudi jioni juu ya mkokoteni wa makala. Pistoni imechubuka ubavu mzima. Mdogo wangu amepanda basi kwenda Kolwezi kutafuta nyingine.

Ijumaa, 10 Oktoba
Amerudi na pistoni mpya kwenye mfuko wake. Muuzaji alimwambia DT ni DT. Fundi alitandika gunia, akaweka ya zamani na mpya pamoja, akazipima. Kipenyo kimoja, milimita 56. Nikafurahi. Akaninyamazisha kwa mkono, akazilaza ubavu kwa ubavu: madirisha ya pembeni hayakukaa mahali pamoja.

Ile mpya ni ya DT inayopozwa kwa maji. Humo pistoni inasafiri milimita 50.7 kutoka chini hadi juu. Kwenye yetu, inayopozwa kwa upepo, ni 50. Tofauti ni chini ya milimita moja, na injini ya mipigo miwili inapumua kwa madirisha hayo.

Kisha alinisomesha mfuko, na hili nataka kila muuguzi mwenye pikipiki ya kituo alijue. Namba ya kipuri cha Yamaha ina mafungu. Tarakimu tano za katikati zinataja kitu chenyewe: 11631 ni pistoni, hata kama ni ya pikipiki nyingine kabisa. Herufi na tarakimu tatu za mwanzo zinataja pikipiki ambayo kipuri hicho kilizaliwa nayo. Muuzaji alisoma katikati tu. Ni kama kujua mtoto anaitwa Ilunga bila kujua ni wa nyumba gani; hapa kwetu kina Ilunga wako kila nyumba.

Tofauti ya mwanzo peke yake haitoshi kukataa kipuri. Kiwanda hakibadilishi kila kitu kila mwaka. Kitu kikifaa pikipiki mpya, kinaingia humo na namba yake ya zamani. Kwa hiyo mtu asome namba ya fremu shingoni, atafute orodha ya pikipiki yake yenyewe, halafu apime. Mwaka ambao mwenyewe anaukumbuka hausaidii.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumerudi misheni na kipimo. Mnyororo wa ile ya zamani ni 428 kama wetu, tumeuchukua. Springi ya kikanyagio pia imeingia. Gurudumu la mbele limekataa, linacheza kwenye mhimili. Tumelirudisha mahali pake na kufunga mlango vizuri.

Jumanne, 14 Oktoba
Silinda imetoka Likasi, imechongwa nusu milimita. Pistoni safari hii ni ya 56.50, na tumesoma mfuko wote kabla ya kulipa.

Jumatano, 15 Oktoba
Fundi hakuiamini pampu ya mafuta kabla ya hewa kutoka yote, kwa hiyo alichanganya mafuta ndani ya petroli pia. Nadhani alifanya vema. Lakini moshi ulikuwa mzito, na upepo uliupeleka moja kwa moja kwa mama anayekaanga mikate kwenye kona. Nilizima, nikaenda kumuomba msamaha. Akasema, “Baba, nani atakula hii sasa?” Nimenunua yote iliyokuwa kwenye beseni, 20. Watoto wameila wakisema ina harufu ya Likasi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimeamka saa kumi na moja. Watoto 31 wamechanjwa, pamoja na wale wa Alhamisi iliyopita, ambao mama zao walikuwa wamengoja chini ya mwembe hadi jua likazama. Niliwaeleza habari ya pistoni. Bibi mmoja alitaka kuishika mkononi, nami sikuwa nayo.

Mvua imenikuta njiani na giza lake. Ampuli ya volti 12 imewaka hadi mlangoni.

Kabla sijatoka kijijini, mtoto alinikimbilia nyuma, mkono umefumbwa. Alikuwa ameokota springi ya kikanyagio, ile ya misheni. Nimeifunga kwa waya.