Heshima kwa "Shout Down"

Sisi tuna kuzomea, neno moja, tukaridhika nalo. Waingereza walichukua kelele, shout, wakaifunga mkia, down, wakapata kitenzi ambacho leo nakisifu mimi, maana sijaona mwingine aliyejitolea. Kazi yake ni kumpigia msemaji kelele mpaka sauti yake izame na yeye akae.

Utamu wake uko kwenye sarufi. Msemaji akitajwa kwa jina, unaweza kumweka katikati ya kitenzi au mwishoni, upendavyo. Akishageuzwa kiwakilishi, him, hana hiari: shout him down. Andika shout down him uone kalamu nyekundu ya mwalimu. Hebu mtazame huyo him alivyobanwa, huku kelele, huku sakafu. Ameshazomewa kabla sentensi haijafika kwenye nukta.

Ndugu za shout down hawamfikii. Shout to ni kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Shout at ni kumfokea aliye mbele ya pua yako. (Australia, shout bila mkia wowote ni kuwanunulia wenzako vinywaji. Hiyo nipigieni hata usiku wa manane.)

Na kuzomewa kuna faida zake. Tarehe 7 Desemba 1837 Benjamin Disraeli alisimama bungeni London kutoa hotuba yake ya kwanza. Wabunge wakamcheka, wakamzomea, hata akakatisha na kuketi, ila kwanza akawaambia kwamba siku itafika watamsikiliza. Mwaka 1868 akawa waziri mkuu. Nitajieni semina ya uongozi yenye matokeo kama hayo, tena isiyo na posho.

Mimi nilionjeshwa dawa hii kwenye kikao cha harusi, nikiwa mweka hazina. Nilisoma ukumbi, nikasoma keki, nikafika kwenye mstari ulioandikwa "dharura", shilingi laki tatu na nusu. Nikavuta pumzi ili nifafanue. Shangazi wa bwana harusi akasema "Aaa!", ukumbi ukadakia "Uuuu!", vijana wa nyuma wakagonga viti vya plastiki. Karatasi ikanitetemeka mkononi. Nikakaa, him kamili.

Wengine walinihurumia. Hawakujua kelele zile zilivyoniokoa: wangeninyamazia dakika mbili tu, ningelazimika kuitaja hiyo dharura.