Sifa za Wilibaro

Katika historia yote ya uchaguzi nchini Kenya, hakuna aliyefanya kampeni kwa uaminifu kama wilibaro. Haikumtukana mtu, haikuahidi barabara, haikurusha noti kutoka juu ya gari, na hadi leo haijaitwa na tume yoyote kueleza ilikotoa mali. Ina gurudumu moja, miguu miwili na mishikio miwili. Hayo ndiyo maungo yake yote, na mwizi akiitazama anakosa pa kuanzia.

Najua hatari ya kusifu kupita kiasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini wilibaro haigemi, na sifa haziipandi kichwani kwa kuwa kichwa haina, jambo ambalo kwa chombo cha siasa ni faida.

Alama zilizotuomba kura kabla yake zilikuwa za kuamsha njaa. Chama cha KANU kilituonyesha jogoo kwa miongo. Kwenye kura ya maoni ya 2005 tuliwekewa ndizi upande wa ndiyo na chungwa upande wa la, na chungwa likashinda, kisha likageuka chama. Mtu mwenye njaa akionyeshwa tunda ana haki ya kudhani ataonjeshwa, na hapo ndipo uchungu huanzia. Wilibaro haikumdanganya mtu. Kila aliyewahi kufanya kibarua cha mjengo anajua kazi yake: hubeba mzigo wa mwenye nyumba, na anayeisukuma halali ndani ya nyumba hiyo. UDA, chama cha William Ruto kilichozaliwa upya kutoka chama kidogo cha PDR mwanzoni mwa 2021, kiliichora wazi na kuisindikiza kwa maneno matatu, Kazi ni Kazi. Yasome tena, msomaji. Hakuna mahali palipoandikwa mshahara.

Na tazama ilivyokuwa na huruma kwa matajiri. William Ruto aliingia bungeni mwaka 1997, akawa waziri wa kilimo mwaka 2008, na kufikia 2022 alikuwa amekaa miaka tisa kwenye kiti cha naibu wa rais. Ana mashamba, ana mradi wa kuku kule Sugoi, ana hoteli ya Weston inayotazamana na uwanja wa ndege wa Wilson. Mwaka 2021 Fred Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, alikwenda mbele ya kamati ya bunge na kusoma orodha ya mali zinazolindwa na serikali kwa niaba ya naibu wa rais, zikiwemo helikopta, pamoja na hesabu ya askari 257 wanaozilinda. Orodha ya namna hiyo ingemzika mgombea wa kawaida. Huyu aliegemea wilibaro, akatukumbusha kwamba aliwahi kuuza kuku kando ya barabara na kwamba alivaa viatu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15, na helikopta zikasahaulika. Tajiri alikuwa Uhuru Kenyatta, mwana wa rais. Tajiri alikuwa Raila Odinga, mwana wa makamu wa rais. Mwenye hoteli alikuwa hasla, yaani mtafuta riziki kwa jasho, mwenzetu. Sijui dawa nyingine iwezayo kumfanya tajiri kuwa maskini kwa haraka hivyo bila kumgharimu hata shilingi moja ya mali yake.

Mama mboga, mwendesha bodaboda, msukuma mkokoteni wa soko la Marikiti, wote walisikia majina yao yakitajwa kwenye vipaza sauti vya mkutano, na hilo si dogo. Miaka mingi wanasiasa wetu waliwaita wananchi, neno pana lisilo na uso. Wilibaro iliwaita kwa kazi zao. Wapinzani wakakosea vibaya: wakaicheka. Walidhani wanacheka kifaa, kumbe wanamcheka anayekula kwa kifaa hicho, naye alikuwa amesajiliwa kupiga kura.

Fundi yeyote atakueleza siri yake. Mzigo ukisogezwa mbele, karibu na gurudumu, mikono haiusikii sana. Ukirudishwa nyuma, mgongo unalia. Walimu wa sayansi huita hiyo nyenzo. Kampeni ya 2022 ilipakiwa kwa ustadi huohuo. Gharama zote zilisogezwa mbele kabisa, ng'ambo ya siku ya kura, na wapiga kura wakainua mishikio wakashangaa jinsi nchi ilivyo nyepesi. Ruto akapata kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Mahakama ya Juu ikayaidhinisha matokeo tarehe 5 Septemba, na tarehe 13 Ruto akaapishwa uwanjani Kasarani.

Kisha mzigo ukaanza kurudi nyuma. Mwezi wa Novemba ulizinduliwa mfuko wa mikopo ya mahasla, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu kweli, sikatai. Ila wilibaro dukani ni maelfu ya shilingi, kwa hiyo aliyekopeshwa 500 aliweza kuishika, kuikagua na kumrudishia mwenye duka. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Bodaboda wakalia, matatu wakapandisha nauli, na chombo pekee barabarani ambacho sera hiyo haikukigusa kilikuwa wilibaro. Nani sasa atasema serikali ilimsahau mfuasi wake?

Haki itendeke pia kwa mbolea. Mfuko uliokuwa umefika shilingi 6,500 ulishushwa hadi 3,500, baadaye 2,500, na wakulima wengi walifurahi kwa sababu. Mwaka 2024 ilipogundulika kwamba baadhi ya mifuko ya mpango huo wa kushusha bei ilikuwa na mbolea ghushi, lawama zilienda kwa wengi, lakini si kwa wilibaro. Yenyewe haina ubaguzi. Ukiipakia mbolea itabeba, ukiipakia vumbi itabeba kwa heshima ileile.

Moyo huo wa kutobagua ndio umeipa nafasi serikalini. Rigathi Gachagua, naibu wa rais wa Ruto, aliketi ndani yake akitufundisha kwamba serikali ni kampuni yenye wanahisa. Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa, na wilibaro ikaenda bila kuyumba. Nafasi ndani yake haikukaa wazi. Miezi michache kabla, John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi, watu wa chama cha chungwa cha Raila, walikuwa wamekwisha kupewa wizara, na Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano yao hadharani. Chombo kilichojengwa kwa ajili ya kusukumana na wakubwa kimewabeba wakubwa wote, wa zamani na wapya, na hakijapata pancha.

Hapa utani unasimama kidogo. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliupinga mswada wa fedha hadi ndani ya bunge, na kesho yake rais akakataa kuutia saini. Wako waliouawa kwa risasi katika maandamano hayo. Baadhi yao walikuwa wa kazi zilezile zilizotajwa kwenye vipaza sauti. Hao siwapakii kwenye makala hii.

Wilibaro yenyewe haina hatia. Asubuhi hii inapeleka kokoto ghorofani kupitia ubao mwembamba, inabeba mitungi ya maji Kibera, inateremsha viazi sokoni, na anayeisukuma anajua jioni atalipwa ngapi, kwa sababu alikubaliana na bosi kabla ya kuinua mishikio. Mkataba huo mdogo ndio uliokosekana 2022.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na huenda ukaletewa picha yake tena. Picha haibebi kitu. Kama ni wilibaro unayohitaji, nenda dukani ukanunue ya chuma kizito, ujaribu kuisukuma kabla ya kulipa, na udai risiti.