Mwongozo wa Rubani Anayepanda Ndege Ili Akarushe Ndege

Hongera, rubani. Umekesha na vitabu, umekopa fedha za masomo, umekusanya saa 1,500 za kuruka ambazo sheria ya Marekani kwa kawaida inazidai, na sasa una ajira. Familia iko Tampa, Florida. Shirika limekupangia kituo cha Newark, jirani na New York, kilomita zipatazo 1,600 kutoka mlangoni kwako. Nauli, malazi na wasiwasi wa kufika ni juu yako. Kazi ya kurusha ndege inakusubiri, ila kwanza utafute ndege ya kukufikisha kazini.

Usidhani uko peke yako. Marekani vituo hugawanywa kwa ukongwe kazini. Waliotangulia huchagua, wageni huchukua kilichobaki. Kituo chenyewe chaweza kufungwa wakati watoto wako katikati ya mwaka wa shule. Na mshahara wa rubani mpya wa shirika dogo, kwa miaka mingi, haukutosha kupanga nyumba ya familia karibu na New York wala San Francisco. Dubai na Doha mambo ni tofauti, kwani mashirika makubwa ya huko huwataka marubani wakae mjini na huwasaidia kwa makazi. Marekani unaachiwa upambane mwenyewe. Basi pambana kwa akili.

1. Zamu ianze jana yake

Kama unatakiwa kuripoti saa moja asubuhi, ndege ya alfajiri ya siku hiyo isahau. Fika jioni ya kuamkia zamu, ule, ulale kitandani. Utapoteza usiku mmoja wa nyumbani, na unauma, hasa mtoto anapouliza mbona unaondoka wakati kazi ni kesho. Mjibu ukweli: kuna watu zaidi ya mia watakaokaa nyuma ya mgongo wako.

2. Uwe na ndege mbili, na zote ziwe na nafasi

Mikataba mingi ya marubani ina kifungu cha kumlinda anayesafiri kutoka mbali. Masharti hutofautiana, lakini kwa kawaida unatakiwa kuonyesha kwamba ulijiandikisha katika ndege mbili zilizokuwa na nafasi, na kila moja ingekufikisha kabla ya muda wa kuripoti. Kisome kifungu cha shirika lako neno kwa neno ukiwa nyumbani umetulia, kwa sababu getini hakuna atakayekusomea.

Itazame kalenda pia. Wiki ya Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, ndege hujaa mpaka kiti cha mwisho. Alasiri za kiangazi, radi hufunga anga la New York. Majira ya baridi, theluji huzilaza ndege Chicago na Denver. Wewe unasafiri kwa kusubiri nafasi: abiria aliyelipa nauli anakutangulia, na mfanyakazi mkongwe kuliko wewe anakutangulia vilevile.

3. Kiti cha ziada kina adabu zake

Ndani ya chumba cha marubani, nyuma ya wanaorusha, kuna kiti kidogo cha kukunja. Kwa wengi wanaosafiri kwenda kazini, hicho ndicho tegemeo. Fika getini mapema ukiwa nadhifu, na kitambulisho cha kazi, leseni na cheti cha afya mkononi. Utahakikiwa kwenye mfumo. Kisha nenda ukamwombe kapteni mwenyewe, kwa mdomo wako, ruhusa ya kupanda. Chombo ni chake, na neno lake ndilo la mwisho. Uzito ukizidi, utashuka wewe. Shuka bila kununa.

Ukishaketi, funga mikanda yote na unyamaze mpaka ndege ipite futi 10,000, isipokuwa umeona jambo la hatari. Pombe usionje. Ukali huu una sababu. Oktoba 2023, rubani asiye zamuni aliyepewa kiti hicho katika ndege iliyotoka Everett kwenda San Francisco alijaribu kuzima injini angani. Wenzake wakamdhibiti, ndege ikatua salama Portland.

Ila kumbuka na upande wa pili. Tarehe 19 Julai 1989, ndege aina ya DC-10 ya shirika la United ilipoteza mifumo yote ya kuiongozea ikiwa angani. Dennis Fitch, mwalimu wa marubani wa ndege za aina hiyo, alikuwa amekaa kwa abiria. Akajitolea kusaidia, akaingia mbele, akashika vidhibiti vya injini mpaka ndege ilipoanguka uwanjani Sioux City. Walikuwamo watu 296, wakapona 184. Rubani aliyeketi kama abiria bado ni rubani, kwa hiyo safiri ukiwa mzima na macho makavu.

4. Tafuta pa kulala panapolalika

Kew Gardens, mtaa wa Queens ulio kati ya viwanja viwili vikubwa vya New York, umejaa nyumba ambazo marubani na wahudumu wa ndege huchangia kodi. Vitanda ni vya ghorofa, begi hukaa uvunguni, na jokofuni kila chupa ya maziwa ina jina la mwenyewe. Wenyeji wamezoea kuuita mtaa huo Crew Gardens. Ukipanga, uliza kwanza kama kitanda ni chako peke yako au anakilalia yeyote anayewahi. Lipa zaidi upate chako. Kochi la chumba cha wafanyakazi uwanjani halihesabiki kuwa malazi: taa haizimwi, milango haiachi kugongwa, na anayeamka pale huwa amefumba macho tu.

5. Ukiona hutafika, piga simu ungali na muda

Ndege ya kwanza ikikuacha, ipigie simu ofisi ya kupanga zamu saa ileile. Usingoje ya pili ikuache ndipo uanze kutafuta maneno. Ukikosa kufika, rubani wa akiba huitwa, na mara nyingi hupewa kama saa mbili kufika uwanjani. Wakati huohuo wenzako waliowahi wanahesabiwa saa zao za kazi, na zikiisha nao hawaruki. Bibi aliyekuwa aunganishe ndege kwenda mazishini anaachwa. Fundi anakosa kazi aliyoifuatilia mji wa mbali. Hao wote wana haki ya kukuuliza ulikuwa wapi.

Kwako wewe, safari uliyoikosa kwa kawaida hailipwi. Ukiwa umefuata kifungu, mambo mara nyingi huishia hapo. Usipokifuata, utaitwa kwa mkuu wa marubani, nawe uende na mwakilishi wa chama. Litaandikwa onyo, na maonyo yakirundikana kazi inaondoka. Aliye katika kipindi cha majaribio, ambacho kwa kawaida ni mwaka wa kwanza, ana kinga ndogo mno.

Na usidanganye kuwa unaumwa. Kila ulipojiandikisha kusafiri pamebaki kumbukumbu. Kuchelewa husameheka, lakini rubani mwongo nani atamwamini anaposema ndege iko salama?

6. Ukichoka, sema umechoka

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya shirika la Colgan iliyotoka Newark kwenda Buffalo ilianguka juu ya nyumba huko Clarence Center. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba hiyo. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo kutoka Seattle kupitia Memphis. Kapteni alikuwa mkazi wa Florida. Mafua yalikuwa yamemshika rubani msaidizi, na kinasa sauti kilimsikia akieleza kwamba angejitangaza mgonjwa pale, angelazimika kujilipia hoteli mpaka apone.

Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kukosea alipoonywa kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Waliongeza kwamba huenda uchovu uliwapunguzia wote wawili uwezo, ingawa haukuweza kupimwa kwa kiasi gani. Waligundua pia kwamba kati ya marubani 137 wa shirika hilo waliopangiwa Newark, 93 waliishi mbali na kituo.

Tangu Januari 2014, kanuni zinamtaka rubani wa ndege za abiria apewe saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, zikiwamo 8 za nafasi ya kulala, na athibitishe kwamba yuko timamu kuruka. Uthibitisho huo usiufanye kwa mazoea. Kama macho ni mazito, sema, kisha kubali gharama yake.

7. Na shirika lifanye sehemu yake

Aprili 2017, mjini Chicago, abiria aliyelipa nauli, Dkt. David Dao, aliburutwa kutoka kitini mpaka akatoka damu, kwa sababu ndege ilihitaji kubeba wafanyakazi wanne waliotakiwa kazini Louisville siku iliyofuata. Nilichokiona pale, mbali na aibu, ni kwamba shirika likiamua mfanyakazi lazima afike, kiti hupatikana. Rubani anayetoka nyumbani kwake kwenda kituo walichompangia wao wenyewe kwa kawaida hapati uhakika huo, na usiku wa kwanza hotelini mara nyingi anajilipia.

Anayemwambia rubani asiruke akiwa amechoka, kisha akamwachia bili ya kitanda, amempa amri bila uwezo wa kuitii. Mashirika yampe rubani anayetoka mbali kiti cha uhakika na chumba cha usiku mmoja kabla ya zamu. Ni gharama, ndiyo, na iingizwe katika nauli mahali pa wazi. Mimi kama abiria nitailipa, kwa kuwa ni mimi nitakayekuwa nimeketi nyuma yake.