Namna ya Kuwa Mtaalamu wa Mifugo na Kubaki na Meno Yako Yote

Umemaliza kidato cha nne, alama zako za Biolojia na Kemia si haba, na shangazi yako amekwisha kutangaza mbele ya wageni kwamba kazi ya mifugo ni ya waliokosa pa kwenda. Mpe shangazi heshima yake, mmiminie na chai ya maziwa, kisha keti usome mwongozo huu. Maziwa hayo yametoka kwa ng'ombe, na ng'ombe huyo anahitaji mtu aliyejifunza kumtazama, kumpima joto na kumwambia mwenye mali ukweli. Kazi hiyo ina kinyesi, ina mateke, ina usiku wa kuamshwa. Pia ni miongoni mwa kazi chache ambazo mtu mmoja anaweza kukinga kijiji kizima kabla jua halijawa kali.

1. Jua cheo chako kabla kijiji hakijakupandisha

Daktari wa mifugo nchini Tanzania husomea shahada ya miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wewe unaingia kwa mlango mwingine: astashahada, kisha stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji. Kampasi za LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, ziko Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba, Mabuki, Temeke na Kikulula. Ukiwa Kenya, uliza habari za AHITI, taasisi ya mafunzo ya mifugo yenye vyuo vyake Kabete, Ndomba na Nyahururu.

Ukihitimu, usikimbilie kufungua duka la dawa. Nchini Tanzania, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka utambuliwe kwanza na Baraza la Veterinari, na kila ngazi ina kazi zake. Kijijini utaitwa daktari tangu siku ya kwanza utakapoonekana na buti za mpira. Pokea salamu, kataa cheo. Weka namba ya daktari halisi kwenye simu yako na umpigie bila haya pale kazi inapokuzidi. Mbuzi anayehitaji kupasuliwa hapati nafuu kwa sababu wewe umeona aibu.

2. Mvalie ng'ombe, usiivalie kamera

Ovaroli, buti za mpira, glavu, sabuni, ndoo. Kata kucha. Vua pete na saa, kwa sababu kuna sehemu utakazoingiza mkono ambazo hutapenda kurudi kutafuta kitu. Shati jeupe lisubiri siku ya mahafali.

Glavu si urembo. Ng'ombe aliyetupa mimba huenda ana brusela, na ugonjwa huo humpata binadamu kwa kushika mtoto mfu au kondo la nyuma kwa mikono mitupu, au kwa kunywa maziwa mabichi. Mgonjwa hubaki na homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, viungo vinamuuma, naye anameza dawa za malaria bila kupona. Glavu moja inakuepusha na safari hiyo.

3. Jifunze nani anapiga wapi

Punda hurusha miguu ya nyuma yote miwili, moja kwa moja, bila onyo. Ng'ombe huuzungusha mguu mmoja kuanzia mbele kupitia ubavuni, kwa hiyo aliyesimama kando ya paja akidhani amejificha ndiye anayepatikana. Simama begani, zungumza, mguse kwanza ili ajue ulipo. Nguruwe anayenyonyesha huuma, na kelele za mtoto wake mmoja zinatosha kumleta. Mbuzi ni mpole, lakini atakula karatasi ya rekodi za matibabu uliyoiweka juu ya jiwe. Paka ana silaha tano: miguu minne na mdomo.

Jifunze kufunga kamba kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Mnyama akianguka shingo ikiwa imebanwa, hakuna muda wa kutafuta kisu.

Mbwa ana somo lake. Waulize walimu kuhusu chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa kwa wanaofanya kazi na wanyama, na uipate mapema. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara huishia mautini. Ndiyo sababu chanjo ya mbwa ni kazi ya kuokoa watoto: ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

4. Macho kwanza, sindano mwisho

Utafika kwenye boma na mazungumzo yatakwenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huyu anakohoa, mchome tu sindano uwahi kwako."

Usichome. Mama anaomba nafuu, na nafuu huanza na maswali. Ameanza lini? Anakula? Anacheua? Ameogeshwa lini mara ya mwisho? Wenzake wakoje? Simama mbali kidogo umtazame kabla hajakuzoea: masikio yameanguka au yamesimama, pumzi inakwenda kasi, kinyesi kiko vipi, maji ya puani ni meupe au mazito.

Kisha shika tezi zilizo chini ya sikio na zile za mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, joto limepanda, anakohoa na kupe wa masikioni wamejaa, moyo wako utaje ndigana kali. Dawa ipo, na hufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwahiwa. Akishaanza kutoa povu puani, umechelewa kwa kiasi kikubwa. Ipo pia chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, ambayo huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika na hutolewa mara moja tu katika maisha ya ng'ombe, pamoja na kiuavijasumu cha muda mrefu. Mwambie mama kwamba chanjo hiyo haifukuzi kupe wanaoleta mkojo damu, ndigana baridi na maji moyo, kwa hiyo josho linaendelea.

Ukimfungua ng'ombe mdomo ukute hana meno ya mbele juu, tulia. Hakuna ng'ombe aliyewahi kuwa nayo. Usimwandikie mwenye mali kwamba yamedondoka.

5. Kipimajoto kiwe na kamba

Kipimajoto huingia njia ya haja kubwa, kikiwa kimelainishwa, ncha yake ikigusa ukuta wa utumbo. Ukikiingiza katikati ya kinyesi, umepima kinyesi. Kifunge uzi wenye kibanio na ukibane kwenye manyoya ya mkia, kwa sababu ng'ombe anaweza kukivuta ndani kikapotea na kuzua mjadala mrefu na mwenye mali.

Weka viwango kichwani. Ng'ombe mkubwa huwa karibu nyuzi 38.5 za Selsiasi, mbuzi kati ya 39 na 40, mbwa kati ya 38 na 39, kuku hufika 41 na kupita. Kuku mwenye nyuzi 41 hana homa, ni kuku tu. Ng'ombe aliyetembezwa juani mchana atasoma juu zaidi, kwa hiyo mpumzishe kivulini kwanza.

6. Mkono hadi begani

Siku ya kupima mimba kwa mkono hutenganisha wanaopenda kazi hii na wanaopenda jina lake. Glavu ndefu, mafuta, vidole vikiwa vimekusanywa pamoja. Utumbo wa ng'ombe utakubana mkono. Usishindane nao: subiri mkazo upite, kisha songa mbele. Utafutacho kiko chini ya utumbo huo, nacho kinasikika kupitia ukuta wake. Mwanzoni hutasikia kitu zaidi ya joto. Endelea kuomba nafasi. Mwanafunzi anayesimama nyuma ya wenzake kwenye kibanio anahitimu na mkono msafi usiojua kitu.

Hesabu za mimba zikae ulimini: ng'ombe siku 283 hivi, mbuzi miezi mitano, mbwa wiki tisa, punda mwaka mzima. Nguruwe amefanya hisani kwa wanafunzi wote: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu.

7. Penda hesabu, hata kama hesabu hazikukupenda shuleni

Ng'ombe ana kilo 250. Dawa inatakiwa miligramu 10 kwa kila kilo. Chupa ina miligramu 100 kwa kila mililita. Jibu ni mililita 25, na lebo itakueleza kama uzigawe kwenye sehemu zaidi ya moja. Uzito upime kwa utepe wa kuzungushia kifua. Kukadiria kwa macho humfanya mnyama mkubwa apate dozi ndogo, na dozi ndogo inaviacha hai vijidudu vilivyo sugu.

Lebo hiyo hiyo inataja siku za kusubiri kabla ya kukamua kwa ajili ya watu au kuchinja. Isome kwa sauti mbele ya mwenye mali, kisha mwandikie tarehe. Atauliza, "Kwani nikichemsha?" Mjibu kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutegemewi kuondoa dawa. Maziwa hayo yakiuzwa, yatanywewa na mtoto ambaye hakuandikiwa dozi na mtu yeyote.

8. Kuku hafukuzwi mchana

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei. Kideri kina mkono mkubwa katika msiba huo, kwani kikiingia kijijini huweza kufagia karibu banda zima ndani ya siku chache. Chanjo yake ya I-2 ni tone moja tu jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, ingawa kuiacha juani ni kuiua.

Siri iko kwenye saa. Fika alfajiri kabla mabanda hayajafunguliwa. Ukifika saa nne, utawakimbiza kuku mbele ya watoto wa kijiji kizima, watoto watafurahi sana, na kuku wengi watabaki bila tone. Chanja wazima, wapangie kijiji siku moja, na usiache nyumba ya bibi mwenye kuku watatu. Kuku wake watatu ndio akiba yake.

9. Siku utakayopimwa kweli

Ng'ombe amekufa ghafla. Jana alikuwa anakula. Damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na njia ya haja, na mwili haujakakamaa. Wanaume wamekwisha kunoa visu, moto unawaka, na mzee mwenye ng'ombe anakutazama.

"Mwanangu, huyu alikuwa ada ya mjukuu wangu. Tukikosa mnyama, tusikose hata nyama?"

Hapa hakuna mzaha. Hiki huenda ni kimeta. Mzoga ukifunguliwa, vijidudu hukutana na hewa na kujitengenezea vimbegu vinavyoweza kukaa ardhini kwa miongo mingi, vikisubiri ng'ombe wa wajukuu wa mzee huyo. Anayechuna hupata vidonda vyenye kovu jeusi. Anayekula huweza kufa. Mwambie mzee hivyo, kwa upole, ukiwa umekaa karibu naye:

"Pole sana, mzee wangu. Najua uzito wake. Lakini nyama hii inaweza kuchukua watu wa nyumba hii, na udongo huu ukabaki na ugonjwa. Naomba tusimguse. Nimempigia simu daktari wa mifugo, anakuja."

Kisha usiondoke. Kaa pale mpaka mzoga uchomwe au uzikwe kwenye shimo refu, na mifugo iliyobaki ipangiwe chanjo. Utachukiwa jioni hiyo. Chuo kitakufundisha dalili zote za kimeta, lakini uthubutu wa kusimama kati ya kisu na mzoga utautafuta mwenyewe, na bila huo hujawa mtaalamu.

10. Mjibu shangazi

Mwambie habari ya sotoka. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa huo uliangamiza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki na njaa ikafuata. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili kufutwa katika historia baada ya ndui ya binadamu. Watafiti walitengeneza chanjo, na moja ya zile muhimu zaidi ilitoka Muguga. Lakini chanjo haitembei. Miongoni mwa walioifikisha kwenye maboma yasiyo na barabara walikuwa wahudumu wa mifugo, si madaktari peke yao.

Kwa hiyo jaza fomu, nunua buti, kata kucha. Jifunze kutazama kabla ya kuchoma, kuhesabu kabla ya kuvuta dawa, na kusema ukweli hata pale unapokunyima fedha na chakula cha jioni. Wafugaji wetu hawajakosa watu wa kuwauzia sindano. Wanakosa watu wa kuwaambia lini sindano haihitajiki, na nafasi hiyo inakungoja.